Mzee Hukwe Zawose, Fundi wa Zeze na Ilimba

Kama umewahi kupanda gari la moshi Kigoma kwenda Dar es Salaam, basi umepita Dodoma. Wazee wa Kasulu na Kibondo waliopita njia hiyo ni wengi sana. Walikuwa wakienda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Watu waliwaita manamba. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu wakati huo Waha wengi wameiona nchi ya Wagogo, lakini wameiona kupitia dirishani tu.

Ni nchi kavu. Utaona mibuyu, miti ya miiba, udongo mwekundu na makundi ya ng'ombe. Mtu wa Heru Juu amezoea migomba na mvua ya miezi mingi. Akiitazama nchi ile hujiuliza watu wa huko wanaishije. Mvua ya Ugogo ni chache, na mwaka ambao haikunyesha watu waliona njaa. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina. Waliiita Mtunya, na watoto wao walisimuliwa habari zake.

Katika nchi hiyo alizaliwa mtu ambaye nataka kukusimulia maisha yake. Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe, kisha akawa mwimbaji, mpiga zeze na mpiga ilimba. Vyombo alivyovipiga alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa anajulikana Ulaya, Japani na Marekani.

Huenda utaniuliza kwa nini nakuletea habari za Mgogo, wewe uliye Buha. Sababu yangu ni hii. Zeze ni letu pia. Wazee wetu wanalijua zeze, na wanaijua inanga. Inanga ni ubao uliochongwa ukawa na shimo kama sinia refu, na juu yake uzi mmoja umepitishwa mara nyingi huku na huku. Wewe unayesoma kitabu hiki huenda babu yako alikuwa nayo. Iko wapi sasa? Lishike swali hilo, tutalirudia.

MTOTO WA WAFUGAJI

Hukwe alizaliwa karibu na mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, Dodoma. Nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza, nayo iliitwa Tanganyika. Alikua kama watoto wengine wa Kigogo. Alichunga ng'ombe na mbuzi wa baba yake.

Ndugu msomaji, kama ulichunga ulipokuwa mdogo unajua jinsi siku ya mchungaji ilivyo ndefu. Ng'ombe wanakula. Jua halishuki. Mtoto anatafuta kazi ya kufanya na mikono yake. Wengine huchonga fimbo, wengine hufinyanga ng'ombe wa udongo. Hukwe alijifunza muziki. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na mtoto alianza kwa kumsikiliza na kumtazama.

Lazima ujue pia kwamba Wagogo ni watu wa nyimbo. Wanaimba wakati wa jando, wakati wa mavuno na wakati wa kunywa pombe. Wanaimba wakicheza, na zipo nyimbo zinazoimbwa watu wakiwa wameketi. Wanawake wa Kigogo hupiga ngoma iitwayo muheme, wakiwa wameibana kati ya miguu yao. Katika makabila mengi ngoma ni kazi ya wanaume, lakini kwa Wagogo muheme ni ya wanawake. Tena Wagogo hawaimbi wote sauti moja. Mmoja huchukua sauti ya chini, mwingine ya kati, mwingine ya juu, na sauti hizo zikikutana zinapatana. Mtoto aliyelelewa katikati ya uimbaji huo alikuwa shuleni kila jioni, ingawa hakukuwa na ubao wala chaki.

ILIMBA NI KITU GANI?

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha mimi mwenyewe nilipokuwa nikijifunza habari hizi.

Ilimba ni chombo ambacho watu wengi wa Tanzania wanakiita marimba ya mkono. Kwanza fundi hutengeneza kisanduku cha mti. Ndani ya kisanduku ni patupu. Mti uwe mkavu kabisa, kwa sababu mti mbichi baadaye utapasuka na sauti yake haitoki. Fundi hugonga ubao kwa kidole na kusikiliza kabla ya kuukubali. Ubao ukilia vizuri kabla ya kazi, utalia vizuri baada ya kazi. Mzito mno haulii. Mwepesi mno unalia kidogo na kunyamaza.

Kisha fundi anatafuta vyuma. Hufua vipande vyembamba vya chuma mpaka vinakuwa bapa kama ulimi. Hivyo tutaviita ndimi. Misumari mirefu yafaa. Waya mnene wafaa. Fundi wa kijijini hatupi chuma chochote.

Ndimi hizo hupangwa juu ya kisanduku. Zinapita juu ya daraja dogo, na zinakazwa kwa chuma kingine kilicholala juu yake. Ncha moja ya kila ulimi huachwa huru. Mpigaji anashika kisanduku kwa mikono miwili na kubonyeza ncha hizo kwa vidole gumba, kisha anaziachia. Ulimi unatikisika na kulia.

Sasa sikiliza siri yake. Ulimi mrefu unatoa sauti nene. Ulimi mfupi unatoa sauti nyembamba. Kwa hiyo fundi akitaka kupandisha sauti anausukuma ulimi ndani ili sehemu iliyo huru ipungue. Akitaka kuishusha anauvuta nje. Wengine hubandika nta kidogo kwenye ncha, na uzito ule unashusha sauti. Ninyi wa Kibondo mnaorina asali mnayo nta tele nyumbani.

Ilimba ina jambo lingine la ajabu. Ndimi nyingine hazipigwi kabisa. Zimewekwa pembeni ili zitikisike zenyewe wakati jirani zake wanapopigwa. Umewahi kuona sufuria kabatini ikilia yenyewe lori linapopita nje? Ni jambo la namna hiyo. Sauti moja inaamsha nyingine inayofanana nayo. Kwa hiyo ukisikia ilimba ya Kigogo unadhani wapigaji ni watatu, kumbe ni mmoja.

Halafu kuna buibui. Fundi hutoboa tundu katika kisanduku na kuliziba kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi yoyote. Ilimba ikipigwa, utando unatetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki. Bila utando huo, mtu wa Ugogo atakuambia kwamba chombo hicho bado hakijakamilika. Mimi nimeona mafundi wa redio wakifanya kazi ngumu kuondoa mvumo wa namna hiyo. Wagogo wanautafuta kwenye kuta za nyumba kwa makusudi.

JARIBIO DOGO

Wagogo hawapangi sauti zao kwa kubahatisha. Fanya jaribio hili nyumbani, utaelewa.

Chukua uta au fimbo yoyote inayopindika, na ufunge waya kutoka ncha moja hadi nyingine ukazike sana. Gusanisha uta na debe tupu au kibuyu ili sauti ikue. Piga waya, usikilize. Hiyo ndiyo sauti mama. Sasa gusa waya taratibu katikati kabisa kwa kidole, usiubonyeze, na upige tena. Utasikia sauti nyembamba, lakini ni ileile mama aliyepanda juu. Sasa gusa kwenye theluthi moja ya waya. Utapata sauti nyingine. Gusa kwenye robo, halafu kwenye sehemu ya tano. Kila mara utapata sauti mpya, na zote zimo ndani ya waya ule mmoja.

Sauti hizo ndizo Wagogo wanazozitumia kupangia nyimbo zao, zeze lao na ilimba yao. Watu waliosomea muziki wamekuja kutoka mbali kuzipima kwa vyombo na wameshangaa. Mtoto wa Doduma alizijua kwa masikio tu, huku akichunga.

ZEZE

Zeze ni rahisi kulieleza, lakini kulitengeneza vizuri ni kazi. Unahitaji kibuyu kikavu, kisicho na ufa. Unakikata mdomo, unatoa mbegu na kukisafisha ndani. Unauwamba mdomo huo kwa ngozi ya mbuzi. Ngozi huwambwa ikiwa bado mbichi, au iwe imelowekwa hadi ikalainika, kwa sababu inapokauka inajivuta na kukaza yenyewe. Ukiwamba ngozi kavu italegea na zeze halitasema kitu. Kisha unapitisha mti mrefu, na nyuzi zinatoka chini ya kibuyu, zinapita juu ya ngozi hadi kwenye vigingi vilivyo juu ya mti. Zamani nyuzi zilitokana na mishipa ya wanyama. Siku hizi ni waya. Mpigaji anasugua nyuzi kwa upinde mdogo uliopakwa utomvu, ili upinde ushike na usiteleze.

Zeze la kawaida lina uzi mmoja, au nyuzi mbili, au nne. Hukwe hakuridhika na hilo. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza mazeze yenye nyuzi zaidi ya kumi. Katika ilimba alifanya vivyo hivyo. Alitengeneza ilimba kubwa ambazo ndimi zake zilizidi 60. Hebu fikiri kazi hiyo. Kila ulimi ufuliwe, kila ulimi upewe sauti yake, na mmoja ukikosea kidogo unaharibu jirani zake wote. Mtu asiye na subira angeitupa ilimba ile mtoni.

Je, alikosea kubadili vyombo vya wazee? Wapo wanaoona kwamba cha mila kiachwe kama kilivyo. Mimi sikubaliani nao. Hukwe hakubadili sauti za Wagogo. Alizipa nafasi kubwa zaidi ya kusikika. Utando wa buibui ulibaki pale pale.

MWITO WA SERIKALI

Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Rais wa Jamhuri. Katika hotuba yake Bungeni alitangaza kwamba anaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliona aibu kwamba watu waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya lakini hawakujua ngoma za kwao. Wakoloni walikuwa wamewafanya wengi waamini kwamba Mwafrika hana utamaduni, na Mwalimu aliona kwamba jambo hilo ni baya kuliko mengi waliyotufanyia.

Muda mfupi baadaye kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Wapigaji na wachezaji walitafutwa kutoka mikoani. Katika miaka hiyo ya 1960 sifa za Hukwe zilikuwa zimevuka Ugogo. Mwalimu Nyerere alimwita aje Dar es Salaam.

Ndugu msomaji, soma habari hii kama mtu mwenye ng'ombe na shamba. Wewe ni mfugaji. Jamaa zako wote wako hapa. Unapiga zeze kwa sababu kuna mavuno au kuna harusi. Unalipwa pombe, nyama na heshima. Halafu unaitwa ukae mjini, upige zeze kama kazi, ulipwe mshahara. Nani atalinda mifugo? Na huko mjini, watu wasiojua Kigogo watasikia nini? Mfugaji akiiacha mifugo yake anaacha benki yake na jina lake.

Hukwe alikwenda. Alichukua vyombo vyake, akaanza maisha ya mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni muziki. Alipiga mbele ya viongozi na wageni wa nchi. Redio Tanzania ilirekodi nyimbo zake na kuzirusha hewani, na kwa njia hiyo watu wengi ambao hawajakanyaga Dodoma walijua sauti ya ilimba. Huenda hata Kasulu palikuwa na mtu aliyeketi karibu na redio ya mkulima jioni akasikia mvumo ule, akadhani betri zimeisha.

Aliimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Aliimba habari za nchi, umoja, kazi na taabu za watu. Na sauti yake ilikuwa jambo la kushangaza. Alianza chini kabisa, nene kama ngurumo ya mbali, kisha akapanda, akapanda tena, mpaka ikawa nyembamba kama filimbi. Aliyemsikia katika sahani ya santuri bila kumwona aliweza kudhani wanaimba watu wawili. Na alipoimba alicheza pia, njuga miguuni, hata akiwa mzee.

BAGAMOYO

Karibu na mwaka 1980 vikundi vya taifa vya sanaa vilivunjwa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kufundisha vijana ngoma, muziki, maigizo na sanaa za mikono. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa kifupi TaSUBa.

Hukwe alihamia Bagamoyo na kufundisha huko. Mji ule uko ufukoni. Kuna minazi, samaki na upepo wa chumvi. Ni mbali sana na mibuyu ya Doduma. Lakini alijenga nyumba yake huko, na familia yake ilikuwa kubwa. Watoto, wajukuu na jamaa wengine waliishi pamoja naye, na karibu wote walipiga au kuimba. Ukawa kama mtaa mdogo wa Ugogo kando ya bahari.

Tazama jinsi alivyofundisha. Hakumpa mtu ilimba iliyokamilika na kumwambia apige. Katika familia ile, kutengeneza na kupiga vilikwenda pamoja. Anayejua kufua ulimi wa chuma anajua kwa nini unalia vibaya, na anajua kuutengeneza. Anayejua kupiga tu, siku chombo kikiharibika naye amenyamaza.

NG'AMBO, NA KISA CHA KIGITAA KIDOGO

Kutoka Bagamoyo Mzee Hukwe alianza kusafiri mbali. Mwaka 1985 huko Uingereza ilitoka santuri iitwayo Tanzania Yetu, aliyoipiga pamoja na wenzake. Mwaka 1996 ilitoka nyingine, Chibite, kutoka kampuni ya Real World. Kampuni hiyo ni ya mwanamuziki Mwingereza, Peter Gabriel. Mwaka 2002 ilifuata Assembly, ambayo Mzee Hukwe aliitengeneza pamoja na mpiga gitaa kutoka Kanada, Michael Brook. Katika safari za mwishoni alifuatana mara nyingi na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Mwaka 2002 wawili hao walisafiri na Peter Gabriel Marekani, wakapiga katika kumbi kubwa kabla yeye hajapanda jukwaani. Watu wawili, ilimba na zeze, mbele ya maelfu waliokuja kusikia magitaa ya umeme.

Niache hapa kidogo nikuambie kisa cha visiwa vya Hawaii. Visiwa hivyo viko katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika bandari ya Honolulu. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, kilicho chini ya Ureno. Walikuwa wamesafiri miezi minne. Walikuja kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Unawaona watu hao? Ni manamba. Hawana tofauti na wazee wetu waliopanda gari la moshi kwenda kwenye mkonge.

Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walipoachana na miwa walifungua karakana Honolulu. Walitengeneza kabati na meza, na walitengeneza pia kigitaa kidogo chenye nyuzi nne, kwa mfano wa vigitaa vya kwao Madeira. Lakini hawakutumia mbao za Ulaya. Walichukua mti wa Hawaii uitwao koa. Koa ni ndugu wa migunga yetu, na mbao yake ni nyekundu ya kahawia yenye mistari inayong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Wenyeji walikuwa wakichonga mitumbwi kwa mti huo. Mafundi waliuranda hadi ukawa mwembamba sana, wakaupinda kwa joto, wakaunganisha kwa gundi. Chombo chote hakina uzito wa kuku.

Wenyeji wakakipenda. Wakakiita ukulele, na inasemekana maana yake ni kiroboto anayeruka, kwa jinsi vidole vya mpigaji vinavyoruka. Mfalme wao Kalākaua alikipenda akakipeleka katika sherehe zake. Mwaka 1915 kulikuwa na maonyesho makubwa San Francisco, Marekani, na baada ya hapo kila mtu alikitaka. Viwanda vya Marekani vikaanza kuvitoa kwa wingi, na mafundi wa Honolulu wakashindana na mashine. Manuel Nunes alifariki mwaka 1922. Vigitaa vyake vya koa vilivyobaki watu wanavitafuta leo na kuvinunua kwa bei kubwa.

Nimekuambia kisa hicho kwa sababu moja. Chombo kile kilipona kwa sababu fundi aliwafundisha wengine. Samuel Kamaka, mmoja wa waliojifunza kwa Nunes, alifungua karakana yake mwaka 1916, na ukoo wake unaendelea na kazi hiyo hadi leo. Kama Nunes angefanya kazi peke yake na kufunga mlango, tungebaki na vigitaa vichache ndani ya vioo.

MIAKA YA MWISHO

Mzee Hukwe hakufunga mlango. Na ilikuwa heri, kwa sababu muda ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani mtu yeyote. Alirudi nyumbani kutoka ng'ambo, na tarehe 30 Desemba 2003 alifariki Bagamoyo. Umri wake ulikuwa kama miaka 65.

Watu wengi walitazama kwa Charles. Yeye alikuwa amesafiri naye, alijua nyimbo, alijua vyombo. Lakini Charles naye alifariki mwaka 2004. Katika muda mfupi nyumba ile ilipoteza mzee na aliyetazamiwa kumfuata. Kama ilimba kubwa ingekuwa ndani ya vichwa viwili tu, ingezikwa hapo.

Haikuzikwa. Watoto na wajukuu walikuwa wengi, na wote walikuwa wamelelewa ndani ya kazi ile. Msafiri Zawose, mwanawe, anapiga ilimba na zeze, na ametoa muziki wake mwenyewe. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Mzee Hukwe, walitoa sahani ya nyimbo iitwayo Maisha. Jina lao ni The Zawose Queens. Zamani katika ukoo huo wanawake waliimba nyuma na kupiga muheme, na wanaume ndio waliosimama mbele. Sasa wanawake hao wanasimama mbele.

ZEZE LA KWETU

Nilikuambia tutalirudia lile swali.

Katika kijiji kimoja cha Kasulu, nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya elimu ya watu wazima, walikuwa na mzee mmoja aliyejua kutengeneza zeze. Wanafunzi wa darasa la jioni waliniambia habari zake. Nikapanga tumwite aje kutufundisha, tuandike hatua zote katika daftari, kama tulivyoandika hatua za kupanda kahawa na kuchemsha maji ya kunywa. Nikasema nitamwita baada ya mavuno, kwa sababu wakati wa mavuno watu hawana nafasi. Baada ya mavuno nikawa na mkutano. Baada ya mkutano mvua zikaanza, na njia ikawa matope.

Nilipofika kwake, walikuwa wamekwisha kumzika majuma matatu yaliyopita.

Zeze lake lilikuwapo. Ngozi ilikuwa imeliwa na panya, na uzi ulikuwa umekatika. Kibuyu kilikuwa kizima, na wenyewe walikuwa wameweka mbegu za maharage ndani yake. Sikuwalaumu. Mbegu zinahitaji mahali pakavu.

Niliporudi darasani niliwasomea habari za Mzee Hukwe kama nilivyokusimulia wewe, na tulifanya lile jaribio la waya na debe. Tulicheka sana, maana debe letu lilikuwa la mafuta ya taa na kila mtu alinuka mikono. Mjukuu wa yule mzee alikuwapo, amekaa nyuma. Hakusema neno siku ile.

Mwezi uliofuata alikuja mapema kabla ya wenzake. Alikuwa amebeba kibuyu kilekile, mbegu ameshazihamishia kwenye chungu. Alitaka kujua ngozi ya mbuzi ianikwe juani siku ngapi kabla ya kuiwamba. Nilimweleza kwamba haianikwi, huwambwa ikiwa bado mbichi. Akafikiri kidogo, akaniambia kuwa Jumamosi kwao wanachinja.